Wanafunzi wangu wa Kiingereza niliwapeleka Makunduchi

Safari ya kwanza ya kuwapeleka wanafunzi kwenye Mwaka Kogwa, sherehe za mwaka mpya kule Makunduchi, niliiharibu mwenyewe. Nilichapa karatasi ya maswali ishirini, nikamgawia kila mmoja yake, nikasema wajaze kwa Kiingereza. Wanaume wakachapana magomba mbele yetu, vumbi likapanda, kina mama wakaimba, na vijana wangu kumi na wawili wameinamia karatasi kama wako chumba cha mtihani. Mmoja akaniuliza, "Ticha, swali la saba ni sasa hivi au lishapita?" Lilikuwa lishapita.

Nafundisha Kiingereza cha jioni mjini Unguja. Wengi wa wanafunzi wangu wameshamaliza skuli, wanatafuta kazi ya hoteli au ya kuongoza watalii, na hawataki kuishia upapasi, kuwaandama wageni barabarani. Sarufi wanayo. Mpe sentensi aipeleke wakati uliopita, ataipeleka huku anasinzia. Lakini msimamishe mbele ya mgeni kutoka Ujerumani, ulimi unaganda. Miaka mingi nilidhani dawa yake ni mazoezi zaidi. Kumbe tulikuwa tunawapa maneno bila kuwapa la kusema. Kitabu chetu kinamfundisha kijana wa Mwanakwerekwe kuulizia njia ya kwenda stesheni ya treni, wakati treni ya Bububu ilikufa kabla babu yake hajazaliwa.

Ushauri wangu basi: mtoe mwanafunzi darasani, umpeleke mahali ambapo yeye anajua na mgeni hajui. Hapo Kiingereza kinapata kazi ya kufanya.

Kwetu mahali hapo ni Makunduchi, kusini mwa Unguja, karibu na tarehe 23 Julai. Mwaka Kogwa ni Nairuzi, mwaka mpya unaonasibishwa na Washirazi, na sherehe zake huchukua siku nne. Pande mbili za wanaume hupigana kwa magomba, aliye na kinyongo akimalize hapo, mwaka uanze safi. Wanawake waliovaa wakapendeza huzunguka wakiimba. Hujengwa kibanda cha makuti, mtu akaingia, kikatiwa moto, naye akachopoka, ili mwaka unaokuja nyumba ikiungua asidhurike mtu. Moshi nao mganga huutazama unaelekea wapi. Watalii wamejaa, kamera juu, na wengi hawaelewi wanachokiona. Mwalimu wa lugha ataomba nini zaidi?

Mwaka wa pili karatasi niliziacha nyumbani. Kila wawili niliwapa kazi moja tu. Wawili walikuwa watangazaji: wasimulie pambano kama mpira wa redioni, kwa kunong'ona, wakijirekodi kwa simu. Ule wakati uliopo wa kuendelea, ambao darasani nilikuwa nausukuma kama gari bovu, ulitoka wenyewe, kwa sababu mtu anakimbia, anaanguka, anainuka, na hupati nafasi ya kufikiria kanuni. Wengine wakakaa na kibanda. Wengine niliwatuma wakawasikilize wazee kwa Kiswahili, jioni watusimulie kwa Kiingereza.

Hawa wa wazee ndio waliopata tabu, na tabu yao ndiyo iliyokuwa somo. Kwanza, watoto wa mjini hawakuelewa kila neno. Watu wa Makunduchi wana Kikae chao, lahaja ya huko, na nilifurahi kuwaona vijana wangu wanauliza maana ya maneno ya Kiswahili, wanaomba mzee arudie taratibu, wanaitikia kwa kichwa na huku hawajaelewa. Niliwaambia, mtalii akikuitikia hivyo na wewe ujue.

Pili, mzee mmoja aliwaeleza mwaka wa Nairuzi ulivyo wa siku 365, ukagawiwa miongo ya siku kumi kumi, na wakulima na wavuvi walivyokuwa wakiufuata. Binti mmoja akaandika kwenye daftari: "The year has many liars." Mwongo wa siku na mwongo wa maneno, kamusi ya simu haikujua tofauti. Tulicheka mpaka machozi, lakini tangu siku hiyo hakuna anayeiamini simu kabla hajaiuliza mara mbili.

Neno lililotuchukua jioni nzima ni "mganga". Kamusi inasema "witch doctor". Kijana mmoja akakataa katakata: ukimwambia mgeni hivyo, atamwona mzee wetu ni mtu wa sinema. Mwenzake akasema "healer". Mwingine akauliza, kwani leo kamtibu nani? Mwishowe wakakubaliana kuliacha neno kama lilivyo na kueleza kazi yake kwa sentensi mbili. Kwangu huo ndio ufundi wa kuongoza watalii, na sikuufundisha mimi. "Kupigana" nako kulikuwa hivyo hivyo. Aliyesema "they fight" mgeni alirudi nyuma hatua tatu. Aliyesema kwanza kwamba silaha ni shina la mgomba, laini, limejaa maji, mgeni alisogea mbele.

Kuhusu nyimbo za kina mama, nikupe tahadhari. Kuna zenye maneno ambayo huwezi kumtafsiria mgeni ukiwa umesimama na shangazi yako. Mtalii mmoja aling'ang'ania ajue kinachochekesha. Binti niliyemtegemea sana akanitazama, nami nikatazama baharini. Akamjibu kwa adabu, "I would rather not translate that one." Ukiniuliza sentensi bora ya safari ile ni ipi, ni hiyo. Kukataa kwa upole kwenye lugha ya watu ni kugumu kuliko kueleza.

Mambo madogo madogo: omba ruhusa kabla ya kupiga picha au kurekodi, maana hapo ni kwa watu. Vaa vazi la heshima. Usimruhusu kijana wako aingie uwanjani na gomba kujionesha. Nimewahi kurudi na mmoja mwenye sikio limevimba. Na usisahihishe makosa palepale. Nilijizuia kwa shida, nikayaandika pembeni, tukayashughulikia wiki nzima iliyofuata, kila kosa likiwa na kisa chake.

Kama huna nauli ya kufika Makunduchi, usingoje. Pemba kuna mchezo wa ng'ombe, Lamu kuna mbio za punda wakati wa Maulidi. Na hata mnada wa samaki wa asubuhi unatosha, mradi kuna kitu kinatokea kwa kasi na mwanafunzi anakielewa kuliko msikilizaji wake.

Halafu angalia saa. Sisi tulinogewa na mabishano ya mganga mpaka daladala la mwisho likaondoka. Nilianza kuhesabu mfukoni na kumpigia simu mzazi mmoja mmoja. Mama mmoja aliyetupa maji mchana akauliza kuna nini, nikamwambia. Kule siku hiyo nyumba isiyo na mgeni inaonekana imepungukiwa, na watu wanagombania kukaribisha. Alituhesabu kwa kidole, kumi na tatu pamoja nami, akageuka akampigia kelele jirani yake kwamba leo hampati hata mmoja. Kisha akaagiza kuku mwingine achinjwe.