Fundi Anajibu: Bei ya injini kuukuu ya V8 ya Kimarekani

Mwezi huu barua nyingi zimeniuliza juu ya V8 za miaka ya 60 na 70, injini za silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, zile za magari ya Camaro, Mustang, Charger na ndugu zao. Ni injini nilizozifungua na kuzifunga hapa Ohio kwa miaka mingi, na hunichoma roho nikisikia moja imeuzwa kwa kilo kama chuma chakavu, au mtu amemaliza akiba yake kununua jina tupu. Nimechagua maswali sita.

Shikamoo fundi. Tumenunua nyumba hapa Minneapolis, gerejini tumekuta injini ya Chevrolet imefunikwa turubai. Jirani anasema ni ya Camaro, tusiiuze kwa bei ya chuma. Nitajuaje?

Marahaba. Jirani huenda anasema kweli, lakini iulize injini yenyewe. Simama mbele yake, upande wa feni, uitazame. Mkono wako wa kushoto, pale bloku inapochomoza mbele ya hedi, pana kibaraza kidogo cha chuma kilicholainishwa. Mara nyingi kimezibwa na grisi na rangi. Tafadhali usikiguse kwa msasa wala brashi ya waya! Chukua kitambaa na dawa ya kusafishia breki, ufute taratibu mpaka herufi zitokee.

Herufi ya kwanza ni kiwanda cha injini: V ni Flint, T ni Tonawanda. Tarakimu nne zinazofuata ni mwezi na siku injini ilipounganishwa. Mwishoni kuna herufi mbili au tatu zinazotaja aina, na hapo ndipo pesa ilipo. Kwa mfano, DZ ya mwaka 1969 ni injini ya 302 (namba kama hii ni ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo) ya Z/28, toleo la kasi la Camaro. Hapohapo, au karibu na filta ya oili, tafuta namba ya chesisi iliyofupishwa. Ikianza na 19N, 1 ni Chevrolet, 9 ni mwaka 1969, na N ni kiwanda cha Norwood, hapa kwetu Ohio.

Kisha zunguka nyuma, kwenye ukingo unaofungwa gia boksi. Kuna namba kubwa iliyomiminwa pamoja na chuma. Ukikuta 3970010 usiruke kwa furaha bado. Bloku ya namba hiyo ilifungwa kwenye baadhi ya Z/28 za 1969, na ikafungwa pia kwenye pikapu na magari ya familia yasiyohesabika ya miaka ya 70 yenye injini ya 350. Familia hii ya injini, V8 ndogo za Chevrolet, ilianza 1955, na kufikia 2011 General Motors, kampuni mama ya Chevrolet, ilikuwa imetengeneza milioni 100. Kwa hiyo 350 ya kawaida iliyochoka ni dola mia chache. DZ yenye namba na tarehe zinazokubaliana ni maelfu.

Tarehe nayo isome. Ukiona C149 imemiminwa nyuma ya bloku, C ni Machi, 14 ni siku, 9 ni tarakimu ya mwisho ya mwaka. Bloku humiminwa kwanza, injini ikaunganishwa baadaye, gari likatoka mwisho. Tarehe zikienda kinyume, bloku na hadithi yake si vya pamoja.

Assalaam alaikum. Niko Muscat. Ami yangu ameacha Caprice ya mwisho wa miaka ya 70, ina 350. Kijana mmoja anataka kununua injini tu, anasema ni ileile ya Camaro. Nimpe kwa bei ya Camaro?

Wa alaikum salaam. Ukubwa ni uleule, cc 5,700, lakini haikujengwa kwa kazi ileile. Kuanzia 1971 General Motors walipunguza kompresheni (mbano ndani ya silinda) ili injini zikubali petroli yenye madini ya risasi kidogo, na mwaka 1972 nguvu ikaanza kutangazwa kwa kipimo kipya, injini ikiwa na vifaa vyake vyote na ekzosi. Mfano mzuri ni LT-1, ile 350 ya Corvette: mwaka 1970 ilitajwa kuwa na nguvu za farasi 370, 1971 farasi 330, na 1972 farasi 255. Sehemu kubwa ya anguko hilo la mwisho ni kipimo tu.

Injini ya Caprice thamani yake ni uzima wake. Pima kompresheni silinda zote nane, kabureta ikiwa wazi. Silinda dhaifu isiwe chini ya robo tatu ya ile yenye nguvu. Fungua pia filta ya hewa utazame kooni mwa kabureta. Ukikuta vumbi la mchanga chini ya filta, silinda zimesagwa. Bei isipande kukaribia ile ya 350 mpya inayouzwa kwenye sanduku, maana mnunuzi mwenye akili atachukua mpya. Kama Caprice yenyewe ni nzima, ushauri wangu ni kwamba usiitoe injini kabisa. Gari la ami lenye moyo wake lina thamani kuliko vipande.

Fundi, nimepata Dodge 440 iliyotolewa kwenye nyumba ya magurudumu, Dallas. Imeshika, haizunguki. Ni chuma tu?

La hasha. Toa plagi zote, umulike ndani. Mara nyingi maji yameingia kwa juu, kutu imeshika ringi za silinda moja au mbili, na bloku ikichongwa inapona. Ikiwa ilinoki, yaani iligonga ndani, ikiwa na mzigo, krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) na beringi vimekwenda, na bei inashuka sana. Kagua pia ubavuni na bondeni chini ya manifoldi: maji yasiyo na dawa yakiganda wakati wa baridi hupasua bloku, na ufa huo ni mwembamba kama unywele. Ila jua kwamba 440 za magari ya kazi si 440 Magnum ya farasi 375, na baadhi hedi zake hazipokei ekzosi za kawaida. Lipia bloku tu.

Muuzaji hapa Portland ana Ford anayosema ni 428, lakini mbele imeandikwa 352. Ananidanganya?

Si lazima. Ford walimimina "352" mbele ya bloku nyingi za familia moja ya injini zake bila kujali ukubwa, na kwa nje 390 na 428 ni pacha. Pima mwendo wa pistoni. Toa plagi, ingiza kijiti kirefu cha mbao mpaka kiguse pistoni, zungusha krenki kwa mkono, utie alama kijiti kilipofika chini kabisa na juu kabisa. Kwenye 390 mwendo ni inchi 3.78, kwenye 428 ni 3.98. Tofauti ni kama milimita 5, kwa hiyo kishike kijiti wima uleule, na urudie mara tatu. Kupata jibu la uhakika, fungua karta, bakuli la oili chini ya injini, utazame krenki.

Gari ni la 1970, muuzaji anasema injini ni yake ya kuzaliwa, na kwa hilo anaongeza dola elfu tisa. Nikubali?

Hapa nina kidonda. Miaka ya nyuma nililipia Chevrolet ya namna hiyo, namba zote sawa, muuzaji mtu mzima mwenye maneno matamu. Nilipoinamisha taa pembeni ya kile kibaraza nikakiona laini kama kioo. Kiwandani kilikatwa kwa kisu kikubwa kinachoacha mistari myembamba sambamba, kutoka mbele kwenda nyuma. Mistari haikuwepo. Bloku ilisawazishwa, namba zikagongwa upya.

Fundi mwaminifu naye huifuta mistari hiyo akisawazisha bloku wakati wa ovahoo, kwa hiyo kukosekana kwake si ushahidi wa wizi. Lakini hakuna mistari, hakuna karatasi za zamani, na tarehe za kumiminwa hazikutani na gari? Zile elfu tisa zibaki mfukoni mwako.

Nina bloku ya Chevelle yenye namba ya chesisi ya gari ambalo sijawahi kuliona. Niuze vipi?

Mtafute mwenye gari. Kwa wengine wote hiyo ni bloku moja kati ya nyingi. Kwake ni ile iliyotoka na gari lake, na atalipa zaidi ya mtu yeyote. Itangaze kwa vilabu vya Chevelle, lakini kwenye picha ziba tarakimu mbili za mwisho. Anayedai gari ni lake akutajie yeye namba nzima, na akutumie picha ya kibati cha chesisi kwenye dashibodi, kinachosomeka kupitia kioo cha mbele. Mpaka apatikane, ipake bloku oili, ifunike, na usimruhusu mtu aichonge juu.