Siyo mafuta, na siyo namba: breki zilivyoniaibisha mteremko wa Kiwira

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Makambako kaniandikia: "Shikamoo kaka. Nimevuta Subaru Forester XT, ina turbo. Nataka breki za uhakika, niweke mafuta ya breki ya DOT 5, si ndiyo namba kubwa? Na rimu za inchi 18 zitakaa?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa chuma. Nilitaka kukujibu kwa neno moja tu, USIWEKE, nikaendelea na chai yangu. Lakini swali lako limenirudisha mahali ambapo sipendi kupakumbuka.

Gari yangu ni Impreza WRX ya manyuo. Niliinunua baada ya miaka ya kujinyima, na ilipofika Mbeya nikaipamba kama bi harusi. Diski mpya za mbele, pedi za bei mbaya, matairi ambayo mke wangu mpaka leo hajui nilinunua kwa shilingi ngapi. Mafuta ya breki sikuyawaza hata siku moja. Kila sevisi nilimuuliza fundi, naye hakuchoka kunijibu, "Breki fluidi nimeshabadilisha, bosi." Nililipa. Kumbe alikuwa anajazia tu kwa juu, miaka mitatu, na mimi mwenyewe sijawahi kufungua boneti nikachungulia kichupa cha mafuta ya breki.

Basi Desemba moja tukawa tunashuka Kyela harusini. Mimi, mke wangu na mtoto kwenye WRX, shemeji nyuma na Noah yake. Tulipokuwa Uyole nilimtania: "Shemeji, tukutane Kyela kesho kutwa!" Watu wakacheka. Nilicheka zaidi yao.

Wanaoijua ile barabara wanajua. Unapanda mpaka Isyonje, baridi na ukungu, halafu gari inaanza kuteremka, kona baada ya kona. Nikawa naingia kona kwa kasi, nakanyaga breki dakika ya mwisho, natoka kwa gesi. Raha tupu. Karibu na Kiwira nikaanza kusikia harufu, kama ya nguo iliyoungua kwenye pasi. Nikajisemea ni Fuso iliyoko mbele. Kona iliyofuata pedeli ikawa laini, kama nakanyaga mkate. Nyingine, mguu ukazama mpaka kwenye kapeti.

Ile Fuso ilikuwa imejaa viazi mpaka juu, inatambaa. Nikapampu breki, hakuna kitu. Nikashusha gia ya tatu, kisha ya pili, injini ikapiga kelele, nikavuta hendibreki taratibu na kuingia pembeni kwenye majani. Tulisimama tumepakana na migomba. Mama mmoja aliyekuwa anauza parachichi akaja na kikombe cha maji ya mtoto. "Pole baba, gari yako inanuka." Ndaga, mama, nikamwambia kwa Kinyakyusa, yaani asante, mikono inatetemeka.

Mke wangu hakusema neno. Alimbeba mtoto, akafungua mlango wa Noah ya shemeji, akaingia.

Sasa sikiliza kilichonichanganya. Baada ya kama nusu saa nilikanyaga pedeli, ikawa ngumu kama kawaida, kama haikufanya lolote. Ningekuwa mjinga zaidi ningesema ni bahati mbaya, nikaendelea vilevile.

Kosa letu linaanzia kwenye jina. Tunayaita mafuta ya breki, wakati DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 siyo mafuta kabisa. Ni kimiminika kinachonyonya maji kutoka hewani, kidogo kidogo, kupitia mipira ya breki na mfuniko wa kichupa. Ukiweka mafuta ya kweli humo, ya sterini au ya injini, mpira wa ndani unavimba na breki zinakufa. Na hapa kwetu Rungwe, palivyo na mvua na ukungu, unyevu haukosekani.

DOT 3 ikiwa mpya kabisa, kiwango chake ni isichemke kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7 hivi, kiwango kinashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 mpya, 155 ikishalowa. DOT 5.1 ni 260 na 180. Kwenye mteremko ule pedi na diski zinawaka, joto linapenya kwenye kalipa, ile inayobana pedi kwenye diski, kimiminika kinachemka na kutoa mvuke. Mvuke unabonyea, kimiminika hakibonyei. Ndiyo maana mguu ulizama. Ikapoa, mvuke ukarudi kuwa kimiminika, pedeli ikajifanya malaika.

Kwa hiyo tatizo langu halikuwa namba. Mafuta yangekuwa mapya, hata DOT 3 ya kawaida huenda ingenishusha salama. Na DOT 5 unayoitaka, mdogo wangu, ni silikoni. Haichanganyiki na hizo nyingine wala haifai kwa gari yenye ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, kama yako. Namba kubwa imewadanganya wengi. DOT 5.1 ni kitu kingine kabisa, hiyo inaruhusiwa. Mimi natumia DOT 4 nzuri, chupa iliyofungwa, siyo ile iliyokaa wazi kwenye rafu ya gereji tangu Pasaka. Zile za mashindano, kama Motul RBF 600 inayochemka nyuzi 312, ni tamu, lakini zinataka kubadilishwa mara kwa mara. Kama hata kubadilisha kila miaka miwili unasahau, achana nazo.

Niliporudi Mbeya nilibadilisha mwenyewe. Mdogo wangu akakaa kwenye pedeli, mimi chini na spana na mpira mwembamba unaoonyesha, ncha moja kwenye nipo, ile skrubu ya kutolea mafuta kwenye kalipa, nyingine kwenye chupa tupu ya maji. "Kanyaga. Shikilia. Achia." Ya kwanza yakatoka meusi kama kahawa, yanatembea na mapovu. Yakaja kama chai ya rangi, mwishowe kama mafuta ya alizeti. Kichupa cha juu usikiache kikauke, utaingiza upepo na utaanza upya. Nilimwaga kidogo kwenye bodi nikajifanya sijaona, rangi ikababuka pale pale. Mwagia maji haraka. Utaratibu wa magurudumu ufuate kitabu cha gari yako.

Vijana, tunapenda kununua kinachoonekana. Rimu, ekzosi, stika. Kaa na fundi anapobadilisha, simama hapo hapo, uone yanatoka yakiwa na rangi gani. Fundi asiyetaka usimame karibu, ondoka na gari yako. Na mteremkoni shusha gia, acha injini ikuzuie. Nasema tena, shusha gia. Madereva wa malori ya mlima Kitonga wanalijua hilo, sisi wa turbo ndio tunajifanya wajuaji.

Shemeji mpaka leo akiniona ananiuliza kama nataka lifti. Mke wangu amerudi kupanda, ila tukifika Isyonje anauliza, "Umeangalia?"

Kuhusu rimu, mdogo wangu, nitumie kwanza picha ya kichupa.