Ukienda tamasha la panki Poland, tazama viraka kwanza

Vijana wetu wanaokuja Poland kusoma huniuliza sana kuhusu mashabiki wa panki, ule muziki wa roki wa kasi na makelele: "Kaka, wale wenye mabuti na vichwa vilivyonyolewa, tuwakimbie?" Mimi niliwakimbia mwaka mzima hapa Szczecin, mji wa bandari wa Poland, na mwaka ule niliupoteza bure.

Nilianza kuisikia The Analogs kupitia ukuta wa hosteli. Jirani yangu, ambaye baba yake alikuwa fundi wa kuchomelea bandarini, aliipiga kila Jumamosi akifanya usafi. Ni bendi ya panki ya mtaani iliyozaliwa mji huuhuu mwaka 1995. Paweł Czekała, aliyewaandikia mashairi mengi, ndiye pia mwenye Jimmy Jazz Records, lebo iliyotoa kazi zao na za bendi nyingi za namna hiyo. Hawakukaa kungoja redio iwakumbuke. Kaseti zilipita mkono kwa mkono, na mashabiki waliingia ndani ya treni kufuata shoo mji wa mbali.

Ushauri wangu wa kwanza: kabla hujakata tiketi, ujue mji unaimba nini. Desemba 1970 wafanyakazi wa kiwanda cha meli waliingia barabarani Szczecin, na watu 16 wakauawa. Tarehe 30 Agosti 1980 serikali ilitia saini makubaliano na wagomaji hapahapa, siku moja kabla ya makubaliano kama hayo ya mji wa Gdańsk. Kisha mwaka 2002 kiwanda kikubwa cha meli kikafilisika, wakati ambapo, katika kila watu watano wanaofanya au kutafuta kazi Poland nzima, karibu mmoja hakuwa nayo. Ukiyajua hayo, nyimbo za polisi, jela na maghorofa ya mitaa ya wafanyakazi hazikupigii kelele tena, zinakusimulia. Anza na albamu ya The Analogs iitwayo Hlaskover Rock, ya mwaka 2000. Jina lake linamkumbuka Marek Hłasko, mwandishi aliyewahi kuendesha malori na kufia ugenini mwaka 1969, akiwa na miaka 35 tu. Mimi Kipolandi changu kilifunguka kwa mashairi kama hayo kuliko darasani, kwa sababu ndivyo watu wanavyoongea kweli.

Sasa usalama. Sitakudanganya, wabaguzi wapo. Nimeshatukanwa ndani ya tramu na abiria wote wakatazama dirishani. Lakini upara peke yake hausemi kitu. Mtindo ule ulianza kwa vijana wa wafanyakazi Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, nao walikuwa wakicheza muziki wa Jamaika. Kinachosema ni viraka vya kwenye jaketi. Swastika iliyopigwa mstari au inayotupwa kwenye pipa la taka: ingia. Namba 88, au msalaba uliofungwa ndani ya duara, ni alama za wabaguzi: geuza, tena bila kuaga. Mara ya kwanza nenda na mwenyeji. Simama pembeni, karibu na nguzo, uone watu wanavyochezeana.

Mimi sikusimama pembeni. Wimbo wa tatu nikavutwa katikati, kwenye pogo, ule mchezo wa kugongana mabega, nikateleza kwenye bia iliyomwagika. Mabuti pande zote. Kwa kweli niliogopa. Lakini goti halijatulia sakafuni nikahisi mikono miwili kwapani. Jamaa mwingine akatanua mikono kuwazuia waliokuwa wakija, na dada mwenye kiduku cha kijani akanipa kiatu changu kilichochomoka. Akaniuliza kama niko sawa, akasubiri mpaka nijibu. Hiyo ndiyo sheria ya pale: anayeanguka anainuliwa papo hapo. Nawe ukimwona mtu chini, acha kucheza, inama. Na vaa viatu vya kufunga kamba, usiende na raba za kuchomeka tu kama mimi.

Kama hunywi pombe, hakuna atakayekulazimisha. Mimi hunywa juisi ya tufaha na sijawahi kuulizwa kwa nini.

Beba pesa taslimu. Meza ya fulana na sidi huwa karibu na mlango, na bendi hizi huishi kwa meza ile kuliko kwa kiingilio. Ukikosa ya fulana, nunua kiraka. Cha kwangu nilikishona begani upande wa kushoto, kwa uzi mweusi alionipa jirani yangu wa hosteli, naye akanionyesha jinsi ya kupitisha sindano mara mbili kwenye pembe ili kisibanduke kwenye pogo.