Ukitaka kuchunguza majirani wa kwasari ukiwa Uganda, anza na umbali

Mwanafunzi wa klabu yetu ya sayansi hapa Mbarara akiniletea picha ya kwasari ya mbali (kitovu cha galaksi king'aacho mno kwa sababu shimo jeusi kubwa linameza gesi) na kuniambia, "Mwalimu, ona galaksi zilivyoizunguka," humuuliza jambo moja: umejuaje kwamba ziko pamoja? Nawe jiulize hivyo kabla ya kuandika neno lolote kuhusu kwasari za ulimwengu mchanga.

Picha ya anga haina kina. Ukitazama Ziwa Victoria usiku kutoka Entebbe, taa ya mvuvi wa mukene aliye karibu na taa ya kisiwani huweza kuonekana zimegusana. Angani ni vivyo hivyo.

Mfano ninaoupenda kufundishia ni kwasari J0100+2802, ambayo shimo lake jeusi lina uzito wa majua takribani bilioni 10. Mwaka 2023 watafiti wa mradi wa EIGER, kwa darubini ya James Webb, walitangaza galaksi 117 katika kipande hicho cha anga. Ungeziona kwenye picha ungesema kwasari ina majirani 117. Walipopima umbali wa kila moja, ilionekana mikusanyiko mitatu mikubwa, kwenye mhamo mwekundu (kipimo cha jinsi mwanga ulivyorefushwa njiani; ukiwa mkubwa, galaksi iko mbali zaidi) wa 6.19, 6.33 na 6.78. Kwasari imo katika ule wa 6.33 tu. Mingine miwili iko mbele na nyuma yake, mbali kabisa.

Jifunze kipimo chenyewe, kwani hesabu yake inatosha kwa mwanafunzi wa S5 (kidato cha tano). Gesi ya oksijeni inayopigwa na mwanga wa nyota changa hutoa mistari miwili ya mwanga, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 495.9 na 500.7. Ulimwengu ukitanuka, mawimbi nayo hurefuka. Kwa mhamo wa 6.33 unaongeza moja, kisha unazidisha kwa 7.33, unapata takribani nanomita 3,635 na 3,670, ambayo ni infraredi, na ndiyo maana Webb ilihitajika. Mstari wa pili hung'aa karibu mara tatu ya ule wa kwanza. Ukiona mstari mmoja tu, usiharakishe: huenda ni wa elementi nyingine katika galaksi iliyo karibu zaidi.

Halafu linganisha. Galaksi kumi ni nyingi au chache? Huwezi kujibu mpaka ujue kipande cha anga cha ukubwa uleule, kisicho na kwasari, kina ngapi kwa umbali huohuo. Naona wengi huiruka hatua hii, nami nasisitiza: bila ulinganisho huna matokeo, una idadi tu.

Wala usitosheke na kwasari moja. Mradi mwingine wa Webb, ASPIRE, ulionyesha galaksi 10 zilizojipanga kama uzi wa miaka ya nuru milioni 3 pamoja na kwasari J0305-3150, miaka milioni 830 baada ya Mlipuko Mkuu. Picha hiyo humfanya mtu aamini kwamba kila kwasari huzaliwa mjini, yaani penye galaksi nyingi. Lakini mwaka 2024 kundi la Anna-Christina Eilers wa MIT lilieleza kwamba mazingira yanatofautiana sana: baadhi zina majirani wengi, nyingine wachache mno. Kwangu hilo ndilo swali tamu kuliko yote, kwa sababu shimo jeusi kubwa namna hiyo linahitaji gesi nyingi. Penye majirani wachache, gesi ilitoka wapi?

Kuhusu bando: usipakue picha za Webb, ni nzito mno. Tafuta jedwali la galaksi na mihamo yake lililoambatanishwa na makala ya watafiti. Makala hizo zinapatikana bure kwenye arXiv, tovuti ya makala za sayansi, na jedwali ni jepesi hata kwa simu. Chora grafu ya idadi dhidi ya mhamo. Mikusanyiko itajitokeza yenyewe.

Na kama shule yako ina darubini ya inchi 8, mwezi Juni mvua zikishapungua, itafute kwasari 3C 273 katika kundi la nyota la Mashuke (Virgo) mnamo saa mbili usiku. Sisi wa ikweta huipata karibu na utosini. Hiyo ndiyo kwasari ambayo mwanaastronomia Maarten Schmidt alitambua umbali wake mwaka 1963. Uwe na ramani nzuri ya nyota, maana utaona nukta hafifu tu, isiyo tofauti na nyota za jirani.

Kabla hujaiita kwasari yoyote ya mbali mpweke, angalia pia kama imepimwa na ALMA, mkusanyiko wa antena za redio ulioko Chile. Galaksi zilizofunikwa na vumbi huweza kuikwepa darubini moja zikanaswa na nyingine. Mwaka 2017 ALMA ilipata majirani wa aina hiyo kando ya kwasari kadhaa.