Mota ya waipa na ambu begi, tayari ni ventileta (mashine ya kumpumulia mgonjwa)?

SWALI: Habari zenu. Nasoma ufundi umeme Tanga, nimeunga mota ya waipa ya gari na Arduino (kikompyuta kidogo cha kuiongoza) inabonyeza ambu begi, ule mfuko wa kumsukumia mgonjwa hewa kwa mkono, mara 15 kwa dakika, haichoki kabisa. Washkaji wanasema nipeleke hospitali. Nimebakiza nini?

JIBU: Umebakiza kazi yenyewe mdogo wangu, kubonyeza ndo kipande rahisi. Mwaka 1952 polio ilipoipiga Copenhagen mashine za kupumulia hazikutosha, daktari Bjørn Ibsen akashauri wagonjwa watobolewe koo wawekewe bomba, halafu wanafunzi wa udaktari kama 1,500 wakapokezana kubonyeza mifuko kwa mkono usiku na mchana, na ilifanya kazi kwa sababu mkono unahisi, makohozi yakiziba bomba unasikia mfuko umekaza unajua kuna shida. Mota yako haisikii kitu, yenyewe inakandamiza tu.

Kwahiyo anza na sensa ya presha karibu na mdomo wa mgonjwa, pamoja na valvu ya kuachia hewa presha ikipanda. Begi la mtu mzima linabeba kama lita moja na nusu, wakati mapafu yaliyoumia sana yanapewa kama mililita 6 tu kwa kilo kila pumzi, na kilo hizo zinakadiriwa kwa urefu na jinsia siyo mzani, maana mtu akinenepa mapafu hayanenepi naye. Mwanaume wa sentimita 175 ni kama mililita 420 basi. Usione ni uchoyo, utafiti wa Marekani wa mwaka 2000 ulilinganisha mililita 12 na 6, waliopewa 12 walikufa karibu asilimia 40, wa 6 asilimia 31.

Pia akitoa pumzi usiache hewa yote iishe, weka valvu ibakize presha kidogo, la sivyo vifuko vya hewa vinasinyaa na kila pumzi inaanza kuvifungua upya.

Alamu je? Bomba likichomoka mashine ipige kelele. Na umeme, hapo nadhani hatuhitaji kuelezana, Waingereza mwaka 2020 walitaka ventileta za dharura za korona ziwe na betri ya angalau dakika 20, kwa huku kwetu mimi ningeweka ya masaa.

Hospitali nenda, ila kwa mafundi wa vifaa tiba, waombe pafu la majaribio la mpira, liendeshe wiki nzima huku unaandika presha na ujazo. Mgonjwa usimguse.