Breki za nyuma: maswali ya wenye pikapu za zamani

Breki ya dramu, yaani ile ya chungu cha chuma kinachozunguka na gurudumu, imejificha. Pedi za mbele unaweza kuzichungulia kwenye rimu, lakini shuu za nyuma, vile vipande vinavyotanuka na kubana dramu kwa ndani, huzioni mpaka dramu ivuliwe. Ndiyo maana wengi hufika hapa karakanani Nakuru chuma kikiwa kimeshaanza kula chuma. Leo najibu maswali matano.

Fundi, niliongeza mabamba mawili kwenye springi za nyuma ili nibebe viazi. Tangu hapo nikikanyaga breki gari linainama mbele, nyuma halishiki kabisa. Shuu ni mpya. (Dereva, Molo)

Ndugu yangu, shida haiko ndani ya dramu. Lala chini ya gari utazame juu ya ekseli. Pikapu nyingi za aina yako zina fimbo nyembamba ya chuma iliyokunjwa, upande mmoja imeshikana na ekseli, upande wa pili na valvu iliyofungwa kwenye chesi. Valvu hiyo hupima mzigo. Ukipakia, chesi hushuka, fimbo huisukuma valvu, na breki za nyuma hupata presha zaidi. Gari likiwa tupu presha hupunguzwa, magurudumu ya nyuma yasije yakafunga na kuteleza.

Sasa umekaza springi. Hata ukiweka magunia 20 ya kilo 50, yaani tani nzima, chesi haishuki inavyotakiwa. Valvu inadhani gari ni tupu, na kazi yote inabebwa na breki za mbele. Kuna mafundi watakaokushauri uing'oe valvu na kuunganisha paipu moja kwa moja. Kataa, nakuomba. Siku utakayorudi mtupu kwenye mvua, nyuma itafunga kwanza na gari litazunguka barabarani. Toa yale mabamba, au mtafute fundi mwenye geji ya presha arekebishe mahali fimbo inaposhikilia, kwa vipimo vya aina ya gari lako.

Nitajuaje kama shuu zimekwisha? (Kericho)

Lainingi ni ile tabaka ya shuu inayosugua dramu. Iliyobandikwa kwa gundi ikibaki milimita 1, toa. Iliyofungwa kwa ribiti usingoje hapo: pima kutoka kichwa cha ribiti hadi uso wa lainingi, maana ribiti ikigusa dramu inachimba mfereji. Dramu nayo ina kipimo chake cha mwisho, mara nyingi kimeandikwa kwenye chuma chenyewe. Ikishapita hapo haichongwi tena. Na ukibadilisha, badilisha pande zote mbili.

Gurudumu la nyuma kushoto linalowa kwa ndani. Fundi ameosha shuu kwa petroli akazirudisha, na bado gari linavuta upande. (Mama mwenye duka, Bungoma)

Mama, petroli haisaidii. Lainingi ikishanyonya mafuta, kila ikipata joto huyatoa tena. Shuu hizo hazifai, na za upande wa pili zibadilishwe pia ili zishike sawa.

Kabla ya kununua, jua ni mafuta gani. Mwambie fundi abandue ukingo wa mpira wa wili silinda, ile silinda ndogo inayosukuma shuu. Majimaji mepesi yakitiririka hapo, ni breki fluidi, na silinda ndiyo mbovu. Kama ni mazito, meusi na yananuka kiberiti, hayo ni mafuta ya gia yanayopita kwenye sili (mpira wa kuzuia mafuta) ya hafu shafti, shafti inayozungusha gurudumu. Sili mpya ikivuja tena baada ya wiki chache, kagua kipumulio kilicho juu ya ekseli. Kikizibwa na tope, hewa ya ndani ikipata joto inakosa njia, inasukuma mafuta kwenye sili. Nimeona watu wakibadilisha sili tatu kwa sababu ya tope la ukubwa wa punje ya mahindi.

Tena fundi asilipulize vumbi la breki kwa kompresa. Lainingi za zamani huenda zina asbesto, madini yanayodhuru mapafu. Alilowanishe, apanguse kwa kitambaa.

Nikishuka mteremko wa Sachangwan na mzigo pedali inazama. Nikifika Salgaa na kupumzika inarudi. (Dereva, Eldama Ravine)

Usipakie tena kabla hujafungua breki hizo. Dramu ikipata moto hupanuka na kujitenga na shuu, kwa hiyo pedali inasafiri mbali zaidi. Fluidi nayo hunyonya unyevu: ile ya daraja la DOT 3 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi joto 205 za Selsiasi, lakini ikishalowa inaweza kuchemka kwenye 140. Ikichemka hutoa mvuke, na ukikanyaga unabana mvuke tu. Badilisha fluidi kila miaka 2, na uingize gia nzito (ya chini) ukiwa bado juu ya mteremko. Nyutro ya kuokoa mafuta iache kabisa. Nilifungua dramu za gari lililoshushwa hivyo zikiwa na madoa ya buluu na nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Zilitupwa.

Gari liliegeshwa wiki mbili za mvua, handibreki juu. Dramu imeganda, fundi ameshika nyundo. (Kisumu)

Mzuie, kaka. Chuma cha dramu hupasuka. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, kisha shusha handibreki. Usoni mwa dramu tafuta matundu mawili yenye nyuzi, mara nyingi ya bolti ya milimita 8. Kaza bolti mbili kwa zamu, robo mzunguko kila upande, itatoka yenyewe. Ikigoma, legeza ajasta (skrubu inayosogeza shuu karibu na dramu) kwa bisibisi kupitia tundu la nyuma. Ajasta ya kushoto na ya kulia zisichanganywe, nyuzi zake huwa zinapingana. Ukirudisha, zungusha dramu kwa mkono: usikie mkwaruzo mwepesi, isikwame popote.