Kukopesha Dukani Katika Mji wa Korosho

Duka langu lipo Masasi. Nauza vifaa vya ujenzi, na msimu wa kupulizia mikorosho ukikaribia naongeza salfa na dawa nyingine za mashambani. Vijana wanaotaka kufungua duka katika miji yetu hii, iwe Masasi, Nachingwea au Newala, huja kuniuliza mtaji unaotosha ni kiasi gani, nami huwajibu kwamba wangeanza kwa kuuliza habari za deni, kwa sababu mteja wa huku hushika fedha kwa miezi michache tu, tangu minada ya korosho inapofunguliwa mwezi Oktoba hadi mwanzoni mwa mwaka, na miezi iliyobaki huishi kwa ahadi. Ukikataa kabisa kukopesha, kufika Machi utakuwa unauza misumari ya reja reja. Ukimkopesha kila anayekuja, hata hiyo Machi huifikii.

Daftari nililijua kabla ya kuijua biashara. Mwishoni mwa mwaka 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera, nilichukuliwa kutoka mgambo nikiwa na miaka 20, na kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka nikapangwa bohari. Watu hupenda niwasimulie jinsi Kampala ilivyoanguka mwezi Aprili 1979, lakini sehemu kubwa ya vita yangu ilikuwa kuhesabu mablanketi, makopo na masanduku ya risasi nyuma ya waliokuwa wakipigana. Sajini wetu alikuwa na kanuni moja, kwamba kitu kikitoka bila sahihi kimeibwa, na mwizi ni yule aliyekitoa. Usiku mmoja, tukiwa tumeshavuka Mutukula, koplo mmoja aliyetapakaa tope mpaka kifuani alikuja kudai masanduku mawili, akanitukana kwa kumpa kalamu wakati wenzake wanasubiri. Sajini hakumjibu neno. Aliwasha tochi, akaifunika kwa kiganja ili mwanga usitoke, akaishika juu ya karatasi mpaka koplo akasaini.

Niliporudi nyumbani nililima, nikachuuza, na mwaka 1986 nikafungua kibanda.

Kanuni ya sajini niliivunja kwa mtu niliyekuwa naye vitani. Alikuja kuchukua mabati ya nyumba ya binti yake, na nilipofungua daftari akaniangalia kwa namna ambayo askari mwenzangu tu ndiye angeielewa, kwa maana tulikuwa tumelala handaki moja na kula kopo moja. Nililifunga daftari, na mabati yakaondoka. Miaka miwili baadaye alifariki, na siku ya maziko msemaji wa familia alisimama, kama ilivyo desturi yetu, akatangaza kwamba yeyote anayemdai marehemu au anayedaiwa naye aione familia. Nilikuwa nimeketi chini ya mwembe, nikiwa nimevaa medali yangu. Sikuwa na karatasi, na bila karatasi ningeonekana mzee anayemsingizia maiti, kwa hiyo nilinyamaza. Ninachojutia zaidi ya mabati ni kwamba kwa miaka ile miwili alikuwa akinikwepa, na mimi nikimkwepa, wakati hatukubaki wengi wa kuzungumza naye habari zile. Tangu hapo naandika mbele ya mdeni mwenyewe, ananisomea kiasi kwa sauti, anasaini au anaweka dole gumba, na rafiki ndiye wa kwanza kuandikiwa.

Kanisani mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa nusu ya daftari langu hukaa nami kwenye mabenchi yale yale kila Jumapili. Mwaka mmoja, kwenye mnada wa mavuno baada ya misa, mtu aliyekuwa ameniomba muda wa mwezi mzima ili alipe deni lake la shilingi 140,000 alishindania jogoo mpaka akamchukua kwa shilingi 40,000, watu wakishangilia na padri akicheka. Nilikuwa tayari kusimama. Mke wangu alinishika mkono wa shati na kusema taratibu, "Baba Upendo, hapa si dukani." Tulikaa. Jumatatu asubuhi mtu yule alikuja na shilingi 60,000, akaniambia aliona macho yangu. Sijui kama ningezipata fedha hizo kwa kumwaibisha. Ninachojua ni kwamba deni haliombwi wala halidaiwi kwenye uwanja wa kanisa, na anayenifuata pale kuomba mkopo namwambia aje dukani kesho yake. Kwa sababu hiyo hiyo nilipoombwa kuwa mtunza hazina wa kanisa nilikataa. Mwenye duka asishike fedha za sadaka, hata akiwa mwaminifu kama malaika, kwa kuwa siku akipaka duka lake rangi maneno hayatakosekana.

Kuhusu salfa, nawaonya wanaoanza. Ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho unaozuiwa kwa salfa, hausubiri, na mkulima asipopulizia maua yanapochanua hana cha kuvuna, kwa hiyo mwezi Juni atakuahidi chochote. Wapo wanaokopa salfa asubuhi na kuiuza jioni kwa fedha taslimu, mikorosho ikabaki kama ilivyo. Mimi simpi mtu mifuko yote kwa mara moja: anachukua ya awamu ya kwanza ya kupulizia, anarudi na mifuko mitupu ndipo ninampa ya pili, na nikiwa na wasiwasi napanda bodaboda niende kuliona shamba. Miaka ya karibuni Serikali imekuwa ikigawa salfa ya ruzuku, na kwa upande wangu ni nafuu hata kama mauzo yamepungua.

Msimu wa 2018 ndio ulionipa kikomo. Mwezi Oktoba wakulima waligomea bei za mnadani, na mwezi Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, magari ya JWTZ yakaletwa kuzisomba. Nilipoyaona malori ya jeshi yakipita mbele ya duka nilisimama wima bila kujua, kisha nikaingia ndani nikakopesha simenti kana kwamba fedha zimeshafika. Bei ilikuwa nzuri, lakini malipo yalitanguliwa na uhakiki, na wapo wateja wangu walioingia mwaka 2019 bila kuiona hata senti, wakati msambazaji wangu wa Mtwara mjini hakutaka kusikia habari za uhakiki wa mtu yeyote. Sasa madeni yote yakifikia robo ya mali iliyomo dukani, nafunga daftari hata kwa shemeji.

Limebaki moja, nalo silisemi kwa raha. Msimu mmoja kabla ya huo nilifanya kangomba, yaani kuchukua korosho ya mkulima mwenye shida kwa bei ya chini kabla haijafika mnadani. Mama mjane wa mtaa wetu alihitaji mabati mwezi Agosti, nikampa, kwa makubaliano kwamba atanilipa magunia mawili ya korosho, kwa bei niliyoipanga mwenyewe nikijua njaa iliyompata. Mnadani magunia yale yalileta karibu mara tatu. Jioni nilimpa mke wangu hesabu, kwa sababu ndiye anayeshika ufunguo wa pili na ndiye anayeandika hata sukari inayotoka dukani kwenda jikoni kwetu. Aliandika bei ya mabati, akaandika fedha ya mnadani, akatoa. Kisha akafungua ukurasa mpya, na juu yake, mahali pa jina la mdaiwa, akaandika langu. Tulimaliza kumlipa mama yule wiki ya Pasaka, naye aliposaini nilikuwa nimemshikia daftari.